Msimamizi amerudisha andiko langu la akili mnemba. Nianze upya?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa TEHAMA katika hospitali moja ya halmashauri hapa Dar es Salaam, na ninasoma shahada ya uzamili ya infomatiki ya afya jioni na mwisho wa wiki. Andiko langu la utafiti lilikuwa la kutengeneza mfumo wa akili mnemba utakaotabiri wajawazito watakaokatiza kliniki, ili wapigiwe simu mapema. Msimamizi amelirudisha na maneno matatu pembeni: 'Swali liko wapi?' Nimebakiwa na miezi tisa, sina mfadhili, na kazini sina likizo ya masomo. Data ninayo, kwa sababu mimi ndiye ninayesimamia mfumo wa hospitali na nina neno la siri linalofungua kila kitu. Mwenzangu ananiambia nikifuta majina sihitaji kibali. Wengine wananishauri niachane na haya yote, nigawe hojaji ya mtazamo wa watumishi kuhusu mfumo, nimalize haraka kama walivyomaliza wao. Nimechanganyikiwa. Nianze upya?"

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa andiko kurudi, na hongera kwa kufika hapo huku ukitoka kazini saa kumi na kukimbizana na foleni ili uwahi kipindi cha jioni. Wengi wanaoniandikia wakiwa katika hatua hii hudhani wamefeli. Hujafeli. Msimamizi aliyekuandikia maneno matatu amesoma kazi yako kwa makini kuliko yule ambaye angegonga muhuri ukapita.

Nikikusoma vizuri, unaona njia mbili tu mbele yako: kujenga mfumo mkubwa kwa miezi michache, au kugawa hojaji ambayo wewe mwenyewe huiamini. Ipo ya tatu, na iko humo humo kazini kwako. Wajawazito wako wabaki, kliniki ibaki, mfumo ubaki. Kinachobadilika ni kwamba swali linarudi nyuma hatua moja.

Tuanze na maneno ya msimamizi. Andiko lako linaeleza kitu utakachotengeneza. Halielezi tutakachokijua baada ya wewe kukitengeneza ambacho leo hatukijui. Fundi akijenga daraja, daraja linapitika na kazi imekwisha. Haulizwi amegundua nini. Mtahini wa tasnifu atakuuliza hilo hilo: mfumo ukifanya kazi, tumejifunza nini? Usipofanya kazi, tumejifunza nini? Kama jibu la swali la pili ni "hakuna", basi ulichonacho ni mradi. Mradi unaweza kuwa mzuri sana, hospitali ikaufurahia, na bado usiwe utafiti. Hiyo ndiyo dosari ya kwanza, na inarekebishika kwa mchana mmoja wa kuandika.

Dosari ya pili ni kubwa zaidi, na nadhani msimamizi wako aliiona ingawa hakuiandika. Ningependa tuitazame polepole, kwa sababu ndani yake ndimo utafiti wako ulimojificha.

Mashine hujifunza kutokana na mifano. Ili itabiri nani atakatiza kliniki, lazima uilishe maelfu ya kina mama wa nyuma, kila mmoja akiwa na alama: huyu alikatiza, huyu hakukatiza. Sasa jiulize, alama hiyo inatoka wapi? Hakuna mahali kwenye mfumo ambapo muuguzi anabonyeza "amekatiza". Utaitengeneza wewe kwa kuangalia tarehe: mama alipangiwa kurudi siku fulani, mfumo hauonyeshi hudhurio, basi unamwandika kuwa amekatiza. Yaani unachukulia kwamba kisichoonekana kwenye kompyuta hakikutokea.

Mfuate mama mmoja. Anafika asubuhi, anapimwa, anaandikiwa kwenye kadi yake ya kliniki. Muuguzi anaandika tena kwenye rejesta ya wajawazito ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya), ile kubwa yenye safu nyingi zinazovuka kurasa mbili. Kisha, kama hospitali ina mfumo wa kompyuta, GoTHOMIS (mfumo wa serikali wa kuendeshea hospitali) au mwingine wowote mnaoutumia, taarifa zile zile zinatakiwa ziingizwe kwa mara ya tatu. Mwisho wa mwezi rejesta inajumlishwa, jumla zinaingia kwenye DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao nchi yetu ilikuwa imeueneza mikoa yote kufikia mwisho wa 2013. Hapo kalamu moja imeandika jambo moja mara kadhaa, na benchi nje bado limejaa. Umeme ukikatika, au kompyuta ya chumba cha kliniki ikiwa imeazimwa na wodi, muuguzi ataacha kipi? Kadi hawezi kuiacha, mama ameishika mkononi. Rejesta hawezi kuiacha, ripoti ya mwezi inatoka humo. Ataacha kompyuta, na kwa nafasi yake ningefanya vivyo hivyo.

Halafu yupo mama mwenyewe. Hapa Dar watu wanahama. Aliyeanzia kliniki Mbagala mimba ikiwa na miezi minne, mwenye nyumba akipandisha kodi utamkuta Gongo la Mboto miezi saba. Mwingine, hasa wa uzazi wa kwanza, mama yake anamwita Tanga au Iringa akajifungulie nyumbani, na anaondoka na kadi yake. Kule atapewa namba nyingine ya kliniki. Kwenye kompyuta yako huyu amekatiza. Kwa kweli huenda hajakosa hata hudhurio moja.

Kwa hiyo kundi lako la "waliokatiza" lina watu watatu tofauti: aliyeacha kliniki kweli, aliyekuja lakini hakuingizwa kwenye mfumo, na aliyehamia kwingine. Mashine haiwezi kuwatofautisha, maana umewapa alama moja. Itajifunza kwamba wanaohudhuria Jumatatu "wanakatiza" sana, wakati ukweli ni kwamba Jumatatu foleni ni ndefu na uingizaji unaachwa. Utapata asilimia nzuri za usahihi, utapongezwa, na utakuwa umetabiri uchovu wa muuguzi. Simu zitakwenda kwa wanawake waliokuja wiki iliyopita, watashangaa, na wale waliopotea kweli hawatapigiwa.

Jambo hili nalijua kwa kuumia nalo. Miaka mingi iliyopita, katika moja ya kazi zangu za mwanzo, nilichukua data ya mahudhurio ya kituo kimoja nikaona kilele kikubwa siku za mwisho wa mwezi. Nikaandika ukurasa mzima nikieleza kwamba kina mama husubiri mishahara ya waume zao ili wapate nauli. Maelezo yalipendeza. Muuguzi mmoja mstaafu alipousoma akaniambia, "Mwanangu, hizo ndizo siku tunazokaa kuingiza vitabu kwenye kompyuta." Nilikuwa nimetumia safu ya tarehe ya kuingiza taarifa nikidhani ni tarehe ya huduma. Ukurasa ule niliuondoa, na tangu siku hiyo simruhusu mwanafunzi wangu kuchambua data ya kituo kabla hajakaa angalau siku mbili kwenye chumba inapoandikwa.

Basi utafiti wako ni huu: kabla ya yeyote kutabiri nani amekatiza, mfumo wenyewe unamwona nani? Ukiuandika kama swali, unaweza kusomeka hivi: *Kati ya mahudhurio ya kliniki ya wajawazito yaliyoandikwa kwenye rejesta ya hospitali hii katika kipindi cha miezi sita, ni sehemu gani imo pia kwenye mfumo wa kompyuta ikiwa na tarehe sahihi ya huduma na tarehe ya miadi inayofuata, na ni mambo gani yanaambatana na kukosekana kwake?* Swali hili lina jibu lolote litakalotoka. Ukikuta mfumo unashika karibu kila kitu, umewafungulia njia wanaotaka kujenga mifumo ya kutabiri. Ukikuta unapoteza robo, umewaokoa wasijenge juu ya mchanga. Wizara ilikuwa na Mkakati wa Taifa wa Afya ya Kidijitali wa 2019 hadi 2024, na mifumo imeongezeka kila upande. Mtu anayepima kwa uangalifu kilichomo ndani ya mifumo hiyo anahitajika mno.

Namna ya kupima nayo ina mtego wake. Wengi huchukua jumla ya rejesta na jumla ya mfumo, wakagawanya. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba rejesta ina mahudhurio 412 na mfumo una 371. Utasema mfumo umeshika asilimia 90, na utalala vizuri. Lakini ukikaa ukalinganisha hudhurio kwa hudhurio, huenda ukakuta ni 340 tu zinazokutana. Zile 31 nyingine za mfumo ni mama aliyeingizwa mara mbili, namba ya kliniki iliyokosewa, au hudhurio la marudio lililoandikwa kama la kwanza. Jibu la kweli ni 340 kwa 412, yaani asilimia 82.5. Jumla zilikuwa zimeficha makosa: pengo la huku lilizibwa na ziada ya kule. Na yale mahudhurio 72 yaliyotokea bila mfumo kuyajua, kila moja lingekuwa "amekatiza" kwenye ule mfumo wako wa akili mnemba. Weka hesabu ya namna hiyo, kwa namba zako halisi, kwenye sura ya nne. Msimamizi hatauliza tena swali liko wapi.

Angalizo: rejesta nayo si msahafu. Kuna mama aliyehudumiwa na hakuandikwa popote isipokuwa kwenye kadi yake. Usiseme unapima "ukweli". Sema unapima kukubaliana kati ya vyanzo viwili, kisha ueleze ni kipi unakiamini zaidi na kwa nini. Watahini humheshimu mwanafunzi anayejua mpaka wa kipimo chake.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, najua utakwenda moja kwa moja kwenye ile namba 384 ambayo kila tasnifu inaibeba. Namba hiyo hutoka kwenye kanuni inayochukulia uwiano wa asilimia 50, uhakika wa asilimia 95, na kosa la asilimia 5 juu au chini. Haina kosa, ila inachukulia pia kwamba kila hudhurio linajitegemea. Yako hayajitegemei. Mahudhurio ya siku moja yaliandikwa na muuguzi mmoja, kwenye kompyuta moja, umeme ukiwepo au usiwepo. Yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Ukichagua siku za kliniki kwa bahati nasibu na kuchukua mahudhurio 20 kila siku, na mfanano wa ndani ya siku (kipimo cha jinsi mahudhurio ya siku moja yanavyofanana) ukiwa 0.05, sampuli inabidi izidishwe kwa 1 + (20 − 1) × 0.05, yaani 1.95. Ile 384, ambayo kwa hesabu kamili ni 384.16 na hivyo hupandishwa kuwa 385, inakuwa 751, sawa na siku 38 za kliniki. Hiyo 0.05 nimeitumia kwa mfano. Yako itafute kwenye tafiti zilizotangulia au kwenye jaribio dogo la awali. Mahudhurio 751 mtu mmoja anaweza kuyapitia. Kisha mtafute mtu wa pili apitie tena sehemu yake, tuseme moja kwa kumi, bila kuona majibu yako. Wewe ndiye unayesimamia mfumo; ukiusahihisha mwenyewe peke yako, hata ukiwa mwaminifu kama mizani, msomaji ana haki ya kutia shaka.

Sasa tuje kwenye neno la siri. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu ndipo mtu anapoweza kupoteza shahada na kazi kwa mkupuo.

Neno la siri ulipewa kwa kazi ya kusimamia mfumo. Unapoingia kurekebisha hitilafu, wewe ni mtumishi. Unapoingia kuchukua taarifa za tasnifu yako, wewe ni mtafiti, sawa na mgeni yeyote aliyekuja getini na barua mkononi. Kofia ni mbili, na ya kwanza haikupi ruhusa ya ya pili. Kuweza kufungua mlango hakukufanyi uwe mwenye nyumba.

Mwenzako anayesema ukifuta majina huhitaji kibali amekosea, na kosa lake ni la kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Na jina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Umri, mtaa, tarehe ya hudhurio na idadi ya mimba vikikaa mstari mmoja vinatosha. Binti wa miaka 14 mwenye mimba kutoka mtaa fulani, majirani hawahitaji jina lake. Halafu kumbuka rejesta hiyo hiyo ina safu za majibu ya VVU. Hebu fikiria faili lako likiwa kwenye kifaa cha USB kilichosahaulika kwenye daladala. Safu za VVU huzihitaji kabisa kwa swali lako, kwa hiyo usizinakili. Mtaa huuhitaji. Namba ya simu huihitaji. Unahitaji namba ya kliniki kwa ajili ya kulinganisha, tarehe, aina ya hudhurio, siku ya wiki, na kama lilionekana kwenye mfumo au la. Kazi ya kulinganisha ifanyike ndani ya hospitali, kwenye kompyuta ya hospitali. Kila hudhurio lipewe msimbo, orodha inayounganisha msimbo na namba ya kliniki abaki nayo mtunza kumbukumbu, na kinachotoka mlangoni kiwe ni faili lenye misimbo tu.

Kibali utaanza kukiomba kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako, na katika fomu utaeleza kwamba unatumia kumbukumbu za nyuma na unaomba kusamehewa sharti la kupata ridhaa ya kila mama. Kamati nyingi huwa tayari kusikiliza ombi hilo pale ambapo hatari ni ndogo na kuwatafuta wahusika wote haiwezekani. Lakini ni wao wanaosamehe. Wewe huwezi kujisamehe. Waulize pia kama utafiti wako unahitaji kupita kwenye kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Baada ya hapo barua zinashuka ngazi: mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu, kisha mganga mfawidhi wa hospitali. Ukitaka kuongeza hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Amana au Mwananyamala, fahamu kwamba hizo ziko chini ya Wizara ya Afya na njia ya barua ni nyingine. Kwa miezi tisa uliyonayo, ningebaki hospitali moja.

Usiguse data hata kidogo kabla kibali hakijatoka, hata "kuchungulia tu nione kama inafaa". Mfumo huandika nani alifungua nini na saa ngapi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kama tayari uliwahi kuchungulia kwa ajili ya andiko hili, mwambie msimamizi wako sasa, kabla hujajaza fomu ya kamati.

Hojaji sitaiongelea sana. Zile za kupima kukubalika kwa teknolojia zilizotokana na kazi ya Fred Davis ya 1989 zilikusudiwa kwa mtu mwenye hiari ya kutumia au kuacha. Muuguzi wa hospitali yako hana hiari hiyo. Ukimuuliza kama "ananuia kutumia mfumo", anajibu nini? Na anayemkabidhi karatasi ni wewe, mwenye mfumo, na kesho muuguzi huyo huyo atakuhitaji umfungulie akaunti iliyojifunga. Atakujibu kwa adabu, na utachambua adabu. Sisemi hojaji hazina kazi. Kwa swali lako, mazungumzo ya kina na wauguzi na watunza kumbukumbu kumi au kumi na wawili, yakifanywa baada ya namba kutoka, yatakueleza kwa nini Jumatatu inapotea. Mtu mwingine ayaongoze ukiweza, na hayo yanahitaji ridhaa ya kila mmoja wao.

Je, kama moyo wako bado uko kwenye kujenga? Sitakuzuia, ila nitakupa bei yake. Katika miezi tisa utapata mfano wa mwanzo na jaribio la utumikaji, yaani la urahisi wa kuutumia. Kuna kipimo kinachotumika sana cha maswali 10 alichokitengeneza John Brooke mwaka 1986, kinachotoa alama 0 hadi 100. Tafadhali usije ukaandika kwamba alama 68 ni "asilimia 68", kwani 68 ndiyo inayochukuliwa kuwa wastani wa mifumo mingi iliyopimwa. Hutaweza kuonyesha kwamba mama mmoja zaidi alirudi kliniki, kwa sababu muda hautoshi. Na kuna swali moja la kujibu kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu: mashine ikishasema mama fulani hatarudi, nani atampigia? Kwa salio la nani? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii yupi atamfuata Kigamboni? Hospitali isipokuwa na mtu huyo, utabiri wako ni orodha ukutani. Ukiniuliza mimi, pima kwanza. Kujenga kutakuja katika kazi yako ya kila siku au shahada ya uzamivu, na utakuwa mtu pekee katika chumba anayejua data ina mashimo wapi.

Mpangilio wa muda nitaupitia haraka. Tenga miezi miwili hadi mitatu kwa andiko kusahihishwa na vibali kutoka, na usiitumie kusubiri: andika mapitio ya tafiti, tengeneza fomu ya kukusanyia taarifa, uijaribu kwa rekodi za kubuni ulizoziandika mwenyewe, na uandike hatua zote za uchambuzi kwa hizo rekodi za kubuni mpaka majedwali yatoke matupu yakisubiri namba. Programu ya takwimu ya R haina gharama. Ukusanyaji wenyewe, ukipata jioni mbili kwa wiki na Jumamosi, ni miezi miwili. Mazungumzo, mwezi mmoja. Miezi mitatu ya kuandika inaonekana mingi mpaka uifikie.

Jambo moja kuhusu wenzako kazini, kwa kuwa linaweza kuvunja utafiti wote. Siku utakayofungua rejesta na kuanza kulinganisha, habari itaenea kwamba afisa TEHAMA anawachunguza wauguzi. Wahi kabla yake. Omba dakika kumi kwenye kikao cha asubuhi, waeleze unachokipima ni mfumo wa kuandika mara tatu, kwamba majina na sahihi zao hutazinakili, na kwamba matokeo watayasikia wao kwanza kabla ya chuo. Kisha timiza. Nesi mfawidhi wa kliniki akikuelewa, atakuonyesha mambo ambayo hakuna safu ya kompyuta inayoyashika: daftari dogo la pembeni wanaloandikia wakati wa msongamano, kwa mfano. Daftari hilo linaweza kuwa matokeo yako makubwa kuliko yote.

Kuna mahali barua yangu haitoshi na itabidi uende mwenyewe, uso kwa uso. Mwone mtakwimu sasa, kabla ya kukusanya chochote. Vyuo vingi vya afya, Muhimbili ikiwemo, vina watu wa takwimu za afya, na mtakwimu anayeletewa data iliyokwisha kukusanywa vibaya huweza kukueleza tu imekufa kwa ugonjwa gani. Mwone mratibu wa MTUHA wa halmashauri yako akueleze rejesta ilibadilika lini mara ya mwisho, maana safu zikibadilika katikati ya miezi yako sita, ulinganisho unavurugika. Mwone katibu wa kamati ya maadili na rasimu mkononi, umuulize tarehe za vikao; kukosa kikao kimoja kwa siku mbili kunaweza kukugharimu mwezi. Kama msimamizi wako anakaa wiki nyingi bila kujibu, usinyamaze kwa heshima mpaka muda uishe: nenda ofisi ya masomo ya uzamili, ueleze kwa upole, uombe msimamizi msaidizi. Na kama usingizi umepotea na kazi zimekuelemea kiasi cha kukosea kazini, zungumza na mshauri wa wanafunzi chuoni kuhusu kuahirisha muhula.

Kwa msimamizi, rudi wiki hii. Usipeleke andiko jipya la kurasa thelathini. Peleka ukurasa mmoja: swali lile juu, chini yake mchoro wa kalamu wa safari ya taarifa ya mama mmoja kutoka benchi hadi DHIS2, na alama ya duara kila mahali unapodhani inapotea. Mwombe aongeze duara ambalo wewe hujaliona.